Gome Alilompa Sophie

Hezekiah Wamae alikuwa akitwanga dawa huku amewapa watu mgongo. Kibanda chake kiko Gatitu, kando ya barabara ya kwenda Kiganjo, katikati ya bucha ya Muchiri na mahali ninapokaa mimi nikishona viatu. Nimekaa karibu naye miaka mingi, na kwa muda mrefu nilimjua zaidi kwa mabega kuliko kwa uso. Mtu akimkaribia wakati kinu kiko chini, aliinama zaidi, koti likafunika kila kitu, ukasikia mchi tu.

Gome lilifika kibandani likiwa limeshakatwa vipande vidogo vidogo. Majani hakuyaleta kamwe. Alipokwenda msituni, upande wa Nyandarua, alipita njia moja na kurudi kwa nyingine, na mabaki aliyatupa mbali na mti wenyewe ili mtu akiyaokota asijue yametoka wapi. Akimaliza kutwanga alitia unga kidogo wa makaa kubadilisha rangi. Makaa hayakuwa dawa. Yalikuwa kufuli.

Muchiri wa bucha ndiye aliyechemsha supu ya mifupa, kwa sababu huku kwetu dawa ya mti hunywewa ndani ya supu. Lakini Wamae aliitia dawa mwenyewe, na sufuria aliifunika kwa mkono wake.

"Mzee Wamae," Muchiri alikuwa akimwambia, "mimi ndio mpishi na sijui napika nini. Hawa polisi wa Kiganjo wakinishika nitawaambia nini?"

"Waambie ni mifupa."

"Na hii nyeusi inaelea?"

"Ni mifupa ya ng'ombe mweusi."

Watu walicheka, kisha wakanywa. Wengine walichukua dawa ya kuoshea vidonda, wakarudi kumshukuru. Sisemi kwamba wote walipona. Waliorudi ndio niliowaona.

Ile tabia ya kuficha hakuianzisha yeye. Baba yake, Mzee Gikonyo, naye alikuwa mtu wa dawa, na aliwahi kumwonyesha rafiki yake mti wake mkubwa kuliko yote. Rafiki akarudi peke yake na panga, akauchuna gome kuzunguka shina lote, kuanzia chini hadi mkono ulipofika. Mti ukakauka ukiwa umesimama. Wamae alipelekwa kuuona akiwa mdogo, na rafiki yule wakati huo alikuwa anauza dawa hiyo Karatina kana kwamba ni yake. Ndipo Gikonyo alipomfundisha mwanawe kwamba mgeni hapewi dawa yenyewe mara ya kwanza. Hupewa kitu chepesi kisichodhuru wala kusaidia, ili aonjwe, yaani ajaribiwe kwanza. Akirudi kusema hakikufanya kazi, hapo unajua kwamba ni mgonjwa kweli, si mpelelezi, na unampa ile nzuri. Kwa Wamae huo haukuwa udanganyifu. Ulikuwa utaratibu wa kazi, kama vile mimi ninavyopima mguu kabla ya kukata ngozi.

Haya ninayoandika, mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe, na mengine aliniambia mkewe, Wachuka, ambaye hajui kuficha kitu.

Wachuka, au Mama Moffat kama tunavyomwita, ni mama wa kanisa. Nyumbani kwao ni Giakanja, na ndiye aliyekuwa akikamua ng'ombe na kulima viazi wakati mzee yuko Gatitu. Alimwoshea Wamae kile kinu kila Jumamosi tangu waoane, lakini dawa yake hakuwahi kuitia mdomoni.

"Mimi nilibatizwa," alikuwa akisema. "Dawa haina jina mimi siwezi kunywa. Hata Adamu aliambiwa ape kila kitu jina. Huyu wangu ndiye Adamu pekee amekataa."

Nadhani maneno hayo yalimuuma Wamae zaidi ya alivyoonyesha. Watu walitoka hata Naro Moru kumtafuta, na mtu wa nyumbani kwake hakumwamini.

Basi Wachuka alijikata na jembe karibu na kidole gumba cha mguu akipalilia viazi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, ingawa alikuwa ameuzoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi. Kwanza alipaka ile dawa ya bomba ya kutibu matiti ya ng'ombe, iliyokuwa imebaki nusu ng'ombe alipopona. Si yeye peke yake. Huku kwetu mwenye ng'ombe akiumia, hutazama kwanza rafu ya ng'ombe. Kisha akanunua vidonge dukani, viwili leo, viwili siku nyingine akikumbuka. Kidonda kikakauka juu, kikafunguka tena, kikaanza kutoa usaha wenye harufu.

Hospitalini walichukua usaha kwa kijiti cha pamba, wakaupima. Daktari akamweleza kwamba vijidudu vilivyomo vimezoea dawa, na karibu zote walizozijaribu havikuzijali. Ilikuwa imebaki dawa moja tu ya sindano, na wangeanza nayo. Lakini damu pia haikuwa inafika vizuri vidoleni. Kama nyama mpya haingepanda, ingebidi mguu ukatwe kabla ugonjwa haujafika gotini.

Wamae alimsihi mkewe aoshe kidonda kwa dawa yake. Wachuka akakataa kama alivyokataa miaka yote.

Ilikuwa katika siku hizo ambapo Sophie alikuja Gatitu. Alikuwa msichana wa watafiti, mwenyeji wa Mukurweini, amevaa viatu vya raba vilivyokuwa vimepasuka pembeni. Alinipa nimshonee, na akiwa pekupeku juu ya kipande cha katoni akaanza kuongea na ule mgongo, akimwita mzee guka, yaani babu.

"Guka, habari ya kazi?"

"Kazi ni kutwanga," Wamae akajibu bila kugeuka.

"Naitwa Sophie. Tunapima dawa za miti. Tunataka kuona kama kuna yenye inaweza kuua bakteria, hawa wadudu wa vidonda, wale dawa za hospitali zimeshindwa nao."

Muchiri akacheka akiwa ndani ya bucha, kisu mkononi. "Wewe msichana, huyo hata sisi hatujui anatunywesha nini! Utapata jina ya mti kwake? Heri uulize mifupa!"

Sophie hakukasirika. Alisogea hadi kwenye sahani ya supu iliyoachwa na mteja, ambayo mafuta yake yalikuwa yameganda, akamwita Wamae aitazame. Akasema kwao kwenye maabara wana visahani vidogo vyenye chakula kilichoganda hivyo hivyo, na juu yake wanapaka wadudu waliotoka kwenye kidonda. Kisha wanaweka karatasi ya duara, ndogo kama kifungo cha shati, iliyolowekwa dawa. Kesho yake wadudu wanakuwa wameota kila mahali kama ukungu. Lakini dawa ikiwa na nguvu, karibu na karatasi hawaoti, panabaki pete safi.

Wamae alikuwa amegeuka. Ilikuwa mara ya kwanza nikimwona ameacha kinu wazi.

"Na mkiona pete, mnasema dawa imeponya?"

"Hapana, guka. Tunasema imeua wadudu kwa kisahani. Mtu si kisahani. Hapo ndio kazi inaanza."

"Rudi kesho," Wamae akamwambia.

Jioni alimsimulia mkewe habari hizo kama kichekesho. Wachuka aliweka kikombe chini.

"Wadudu wenye dawa za hospitali zimeshindwa nao? Si hao ndio wangu?"

"Kama hao."

"Basi mpe. Wapime na hawa wangu wenyewe. Wakisema inaua, mimi mwenyewe nitamwomba daktari aniruhusu, na nitaiweka kwa hii mguu mbele ya kina mama wote wa kanisa."

"Na wakisema hapana?"

"Utaacha kunisumbua nife na amani yangu."

Wamae aliniambia kwamba usiku ule furaha ilimnyima usingizi. Mkewe alikuwa amemfungulia mlango, hata kama ni kidogo. Alichotakiwa kufanya ni kumpa Sophie gome.

Kesho yake Sophie aliporudi, Wamae akamweleza ombi la mkewe, naye akakubali. Vijidudu vya Wachuka vilikuwa bado vimehifadhiwa hospitalini, naye Wachuka akatoa ruhusa vitumiwe. Sophie alimwonya Wachuka, mbele ya mumewe, asitie kitu chochote kwenye kidonda bila daktari, na asiache sindano kwa ajili ya kungoja majibu. Wachuka akasema amesikia. Kisha Sophie akamwambia Wamae kwamba angehitaji gome pamoja na majani, na kama kuna maua pia achukue, kwa sababu unga peke yake hauwezi kusema umetoka kwenye mti gani.

Asubuhi waliyokwenda, Wamae alipita kwangu akiwa amenyoa ndevu. "Leo naonyesha," akasema.

Wakapanda hadi mahali njia inapogawanyika. Moja inapanda msituni, nyingine inateremka mtoni. Hapo Sophie akatoa simu, na Wamae akaona ramani yenye nukta ya buluu ikisogea kila wanaposogea.

"Hiyo ni nini?"

"Inaonyesha mahali tuko, guka. Tukifika kwa mti naiwekea alama."

"Na inabaki humo?"

"Inabaki. Ndio mtu mwingine akitaka kurudia hiki kipimo aweze kufika."

Mtu mwingine. Wamae aliniambia kwamba aliposikia maneno hayo aliuona ule mti wa baba yake, umesimama mkavu, mweupe kama mfupa. Akashika njia ya mtoni.

Huko alimwonyesha mti mmoja wa kuni ambao hata mbuzi hawaugusi. Aliuchagua kwa sababu gome lake ndani ni jekundu, karibu na rangi ya dawa yake. Sophie akapiga picha, akaweka alama, akakata tawi akalikunja katika gazeti, akashukuru sana. Kazi yake aliifanya vizuri yote. Aliandika kila kitu kuhusu mti usio wenyewe.

"Nilikuwa namwonja tu," Wamae aliniambia baadaye. "Nilijua atarudi aseme haikufanya, hapo nimpeleke juu."

Wateja wake hurudi baada ya siku chache. Alidhani maabara nayo ni hivyo. Hakujua kwamba gome hukaushwa, husagwa, hulowekwa, hukamuliwa, kisha hungoja zamu nyuma ya magome ya watu wengine kutoka Meru na Embu. Wiki zikapita, mvua ya masika ikaisha, na baridi ikaingia. Kila siku alisema moyoni kwamba Sophie yuko njiani, na akija atamwambia. Namba yake alikuwa nayo. Kumpigia aseme nimekupa mti wa uongo, hilo hakuliweza. Mimi pia ni mtu wa kuona haya, najua jinsi neno dogo linavyoweza kukaa kooni hadi likawa jiwe.

Wachuka naye alikuwa akingoja. Alikwenda kubadilishiwa bendeji na kudungwa sindano, na akirudi alimuuliza, "Yule msichana hajapiga?" Alimuuliza kwa sauti ambayo Wamae hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, sauti ya mtu aliye upande wako. Hata alianza kumtania mbele ya wageni. "Huyu sasa ni daktari. Mkikohoa muinue mkono kwanza."

Sophie alipokuja hatimaye, alikuja Giakanja nyumbani. Mimi nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimemletea Mama Moffat kiatu kipana cha kuingiza mguu wenye bendeji. Tulikaa sebuleni, chai ikamiminwa. Sophie akafungua simu akawaonyesha picha ya kisahani, akimwita Wachuka cucu, yaani nyanya, kwa heshima.

"Cucu, hii karatasi ya huku ni ile sindano yako. Unaona kuna pete? Si kubwa, lakini iko. Hii ingine ndio ya guka."

Nikachungulia nami. Karibu na karatasi ya Wamae vijidudu vilikuwa vimeota hadi ukingoni kabisa, kama nyasi inavyoota hadi kwenye nguzo ya ua.

"Haina?" Wachuka akauliza.

"Haina, cucu. Tulirudia tukaona ni hivyo tu. Pole."

Wachuka aliishika ile simu kwa muda, akaisogeza karibu na macho, akairudisha. "Haidhuru," akasema. "Ni vile nilikuwa nimeiombea ishinde."

Wamae akachukua chupa ya chai akatuongezea, hata mimi ambaye kikombe changu kilikuwa kimejaa.

Tulipomsindikiza Sophie hadi kwenye lango, ndipo Wamae alipolitoa lile neno.

"Daktari, ile haikuwa dawa yangu."

"Ati?"

"Ule ni mti wa kuni. Nilitaka kwanza kujua kama utarudi."

Sophie alimtazama, akanitazama mimi kama anayeuliza kama mzee huyu ni mzima. Mimi nikaangalia chini.

"Guka," akasema polepole, "nimerudi."

"Basi twende juu. Hata sasa hivi. Nitakuonyesha, uweke hiyo nukta yako."

"Guka, hii awamu tumeshaifunga. Nitaomba iingizwe kwa ile inafuata, na wale bakteria wa cucu bado tumewaweka kwa barafu. Lakini itakaa. Na cucu anaonwa na daktari wa upasuaji wiki hii." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na sijui kama ni ya hasira au ya huruma. "Mbona hukunipigia tu?"

Wamae akarudi ndani, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa nimeacha vifaa vyangu jikoni. Alimweleza mkewe yote akiwa amesimama. Wachuka alimsikiliza, mguu juu ya kigoda.

"Baba Moffat, umeshindwa. Sema umeshindwa, mimi sitakucheka. Usiniambie ati ulikuwa unacheza."

"Sikuwa nacheza. Nakuapia. Kesho nakupeleka nikuonyeshe mti wenyewe."

"Nitapanda msitu na mguu gani?"

Wamae akainama akakiweka sawa kile kigoda.

"Tangu nije kwa hii boma nimekuomba jina ya huo mti," Wachuka akaendelea. "Nimekuoshea kinu. Nimekuzalia. Ukaninyima. Leo ndio umekumbuka niko na macho?"

Hapo Wamae akautaja mti. Akautaja kwa sauti ya chini, mbele yangu mimi mshona viatu, siri ambayo baba yake alimkabidhi.

Wachuka akakunja uso. "Ati huo? Huo si uko hata kwa majirani, kina Wakiuru, hapo nyuma ya choo?"

"Huo wao ni mchanga. Unataka mzee, wa msituni."

"Nyuma ya choo," Wachuka akarudia, na akaanza kucheka, akacheka hadi akafuta macho kwa leso. Nilibeba vifaa vyangu nikaenda.

Mti huo sitautaja hapa. Si kwa kuficha, maana sasa Gatitu nzima inaujua. Ni kwa sababu sitaki mtu mwenye kidonda asome haya, aende akachune gome, na aache kwenda hospitali.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Sindano ilikuwa imezuia ugonjwa usipande juu, daktari alisema, lakini vidole vilikuwa vimeshakufa. Wamae alimuuliza daktari huyo kama dawa ya kuoshea ingebadilisha kitu. Daktari akasema hajui, na kwamba dawa ya kuoshea haiwezi kufungua mshipa uliozibika. Alikuwa anasema kweli, na nadhani alitaka kumfariji. Lakini Wamae alisikia lile neno la kwanza tu, kwamba hajui, akatoka nalo. Moffat, mwana wao, alikuja kutoka Nanyuki, akakaa siku zote mama yake alipokuwa hospitalini, na hakumwuliza baba yake hata swali moja. Ingekuwa afadhali angemfokea.

Mara tu mkewe aliporudi nyumbani, Wamae alimpeleka Sophie juu msituni, hadi kwenye mti wenyewe. Majani, gome, vitunda vilivyoanza kukauka, vyote alimpa. Nukta ikawekwa. Wamae alisimama pale, aliniambia, akingoja kuona uchungu, na hakuona chochote. Mti ni mti. Upepo ulikuwa unapita.

Siku hizi anatwanga akitazama barabara. Siku ya kwanza Muchiri alitoka nje ya bucha akapaza sauti, "Jameni, njooni muone! Mzee Wamae ako na uso!" Watu wakacheka, na Wamae akatabasamu kidogo. Makaa ameacha kutia. Majani yako pale juu ya gunia. Wateja wamepungua, kwa sababu mtu akiona jani analolijua anasema, kumbe ni hili, kisha anaenda kujichumia kwake. Wamae hawazuii. Mwenye kidonda na sukari anamwambia aende kwanza hospitalini, na akisita anamtajia mkewe kwa jina.

Nyumbani wanaishi. Wachuka amejifunza kutembea kwa magongo hadi kwenye boma la ng'ombe, na Wamae ndiye anayekamua, vibaya, ng'ombe akimpiga kwa mkia. Wachuka humfokea akiwa amekaa kwenye kiti. "Vuta polepole, huyo si kinu!" Hawajazungumza tena juu ya mti wa kuni. Lakini mara nyingine, katikati ya maneno mengine, Wachuka hutazama mahali mguu ulipokuwa, na Wamae huinuka akatoka nje hata kama mvua inanyesha.

Sophie alipiga simu Jumapili moja, watu wametoka kanisani. Mimi nilikuwa nimepita kuwasalimia. Simu ililia juu ya meza, na jina likajitokeza. Wamae alinyoosha mkono.

"Ni yule msichana?" Wachuka akauliza.

"Ni yeye. Majibu yametoka."

"Usishike."

Wamae akaacha mkono hewani. Simu ililia hadi ikachoka.

"Baba Moffat, keti," Wachuka akasema. Hakuwa na hasira. "Fikiria. Akisema haina nguvu, umewauzia watu kitu hakina kazi maisha yako yote, na mzee wako kabla yako. Wewe utakufa na hiyo. Akisema iko na nguvu, mimi nitauliza mguu yangu iko wapi. Nitakuuliza asubuhi na jioni. Najijua. Sasa wataka gani?"

Wamae alikaa akiangalia mikono yake, ambayo viganja vyake vina rangi ya gome isiyotoka kwa sabuni.

"Lakini kuna watu wengine wenye vidonda," akasema mwishowe.

"Hao ndio wa kuambiwa. Mpigie. Mwambie aandike kila kitu, aite na jina ya mti, aweke hata jina yako na ya baba yako. Awaambie madaktari, awaambie watu wote. Sisi wawili asituambie."

Wamae akapiga. Nilisikia sauti ya Sophie ikianza haraka, "Guka! Nimekuwa nikikutafuta, tumeona..." na Wamae akamkata, jambo ambalo si desturi yake.

"Ngoja, daktari. Ngoja kwanza. Andika. Waambie wote wenye wanatakiwa kujua. Lakini kwangu na kwa Mama Moffat usiseme."

Kisha nikasikia Sophie akiuliza kama ana hakika.

"Nina hakika," Wamae akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hakika. "Hata ukinikuta barabarani. Nisalimie tu."

Alipokata simu, aliishika mkononi muda mrefu. Mimi nimejaribu kukumbuka sauti ya yule msichana alipoanza kusema, kama ilikuwa ya furaha au ya pole. Siku nyingine naisikia hivi, siku nyingine vile. Nadhani Wamae naye hufanya hivyo kila siku akitwanga.

Wachuka alivuta magongo yake, akainuka. "Ng'ombe ameanza kulia," akamwambia mumewe. "Twende."